Mteremko Wangu, Mafuriko Yake

Jumamosi, 4 Mei 1996

Leo nimepata wazo! Kubwa. Nimeshtuka mwenyewe.

Limenijia nikiwa katikati ya mteremko wa mtaa wetu, Lomba da Gata, kreti la bia begani, goti la kushoto likilia kama mlango mbovu. Lori la bia haliwezi kupanda mtaa wetu. Dereva anashusha mzigo chini kabisa, kwenye kituo cha basi, anapiga honi, anaondoka zake. Halafu mimi, Adroaldo, mwenye baa pekee juu ya mteremko huu, mtu na heshima zake, napandisha kreti moja moja. Mvua ikinyesha nateleza, nakaa chini, nazungumza na Mungu, nainuka tena. Leo nimevunja chupa kadhaa na kiburi changu chote.

Kumbe dawa ipo! Bajeti ya Wananchi. Kila mwaka manispaa inatuita sisi wa mitaani, inatuuliza tunataka kijengwe nini kwanza. Mtaa unaoleta watu wengi mkutanoni unapata wajumbe wengi. Wajumbe wengi, kura nyingi. Kura nyingi, lami! Miaka yote hii nilidhani mikutano ile ni ya watu wasio na televisheni.

Nimemwambia mke wangu Neiva kwamba safari hii Lomba da Gata itatiwa lami. Akaniuliza tangu lini napenda mambo ya jamii. Nikamwambia tangu asubuhi. Akaendelea kumenya viazi.

Mpinzani ninaye mmoja tu. Dona Otacília wa Baixada, kule bondeni, chini ya mteremko wetu. Mjane, fundi cherehani, hushona yale magauni mapana ya wacheza ngoma. Kila mwaka anadai mtaro mkubwa wa kupitisha maji ya mvua, na kila mwaka anaukosa kwa kura chache. Anasema nyumba za Baixada huingiliwa na maji. Ni kweli, huingiliwa. Lakini wamezoea! Jokofu lake liko juu ya matofali tangu nimjue. Mtu aliyekwisha kuweka jokofu juu ya matofali ameshamaliza tatizo lake. Mimi goti langu nitaliweka juu ya nini?

Jumanne, 7 Mei

Siasa imeanza. Nimeanza na adui mwenyewe.

Nimemwalika Dona Otacília kibarazani mwa baa, nikamtengenezea chimarrão, chai yetu chungu ya kibuyuni, kwa mkono wangu. Majani mapya ya kijani, maji moto yasiyochemka, kibuyu cha marehemu baba. Mpango ulikuwa hivi: tunanyonya kwa zamu, mrija mmoja, kibuyu kinakwenda kinarudi, mioyo inalegea, na kufikia kibuyu cha tano anakubali kuniachia mwaka huu. Mtaro wake ungoje mwakani. Umeshangoja sana, umezoea.

Akanyonya kibuyu cha kwanza mpaka mrija ukakoroma. Akanirudishia. Akasema asante.

Asante! Kibuyu cha kwanza! Hapa kwetu mtu akisema asante maana yake ametosheka, usimmiminie tena. Na hakuna anayetosheka na kimoja. Mama mkwe wangu, ambaye hanipendi na wala hafichi, hunywa vitatu. Nikamuuliza Dona Otacília kama maji yamepoa. Akasema maji ni mazuri sana, ila yeye maji humtosha upesi, anayo mengi nyumbani. Akashuka zake na mwavuli wake.

Basi ni vita. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Watu wa Lomba ni watu wema lakini wazito. Mkutano ni Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana kuna mpira redioni, kuna usingizi, kuna mguu unaouma. Mteja wangu wa kudumu Valdecir, anayeimba besi kwaya ya kanisa na kunywa kwa sauti hiyo hiyo, alinipasulia ukweli.

"Tchê, Adroaldo, mkutano bila chakula ni mazishi."

Nimetoka hapo na wazo la pili. Mawazo mawili ndani ya wiki moja! Nitachoma mbavu za ng'ombe nje ya ukumbi wa kanisa siku ya mkutano. Anayekuja kuhesabiwa, anakula. Nani wa Lomba atabaki kitandani?

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa na harufu ya moshi hata kwenye nyusi.

Kila kitu kilikwenda vizuri. Karibu kila kitu. Watu walikuja! Lomba nzima, wazima kwa wagonjwa, bibi mmoja alibebwa na kiti chake. Baixada nao walikuja wengi, lakini sisi tuliwazidi, niliona kwa macho yangu mawili. Dona Otacília aliuma mdomo. Nilikuwa nikimtazama dirishani nikiwa nje, penye moto.

Bila shaka nilikuwa nje. Mtu aliyetia mbavu motoni haondoki motoni. Mbavu zinataka saa nyingi, moto wa chini, na jicho la mtu mmoja. Baba yangu alikosa ibada ya harusi ya dada yake kwa sababu ya mbavu, na hakuna aliyemlaumu, hata bwana harusi.

Ndani, Injinia Cíntia Ledur wa manispaa alikuwa anaeleza ramani. Dada mwembamba, mabuti ya mpira, ramani ndefu kuliko yeye. Ramani ikaendelea. Moshi ukaingia madirishani. Akatoka Valdecir, akasema amekuja tu kuhakikisha kama chumvi imekolea. Nikamkatia kipande. Akafumba macho. Akatoka wa pili kumtafuta Valdecir. Akatoka mke wa Valdecir kuwatafuta wote wawili. Punde si punde mtaa mzima uko nje, vidole vinang'aa mafuta, wananisifu kwa jina. Nilikata, nikagawa, nikatia chumvi, nikacheka. Nilikuwa na furaha kubwa, siwezi kudanganya shajara yangu. Sikusikia kengele ya kuhesabu watu.

Wakahesabiwa walioketi ndani. Baixada wote walikuwa vitini, mikono mapajani, macho mbele. Nasikia Dona Otacília aliwaambia atakayeinuka hatashonewa hata kifungo maisha yake yote. Wakapata wajumbe chungu nzima. Wa kwetu ndani walikuwa wazee kadhaa waliolala tangu salamu za ufunguzi, na Neiva, ambaye hali mbavu kwa sababu zinamkaa kwenye meno. Wakatosha kwa mjumbe mmoja tu. Wazee hawakuamka mapema wapate kugombea.

Mjumbe wa Lomba da Gata ni Neiva!

Lakini zile mbavu! Mfupa ulikuwa unatoka wenyewe. Kosa langu pekee lilikuwa kupika vizuri mno. Hata Dona Otacília alikula mwishoni, sahani mbili, na safari hii hakusema asante.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Nimempa Neiva maua na nikamkumbusha, kwa njia ya upole, uzuri wa lami. Akasema mjumbe hapokei zawadi kutoka kwa mwenye maslahi. Akayapeleka maua mezani baa yawe ya umma.

Nimelala miaka yote hii kando ya mwanasiasa na sikujua.

Alhamisi, 16 Mei

Tumaini! Neiva amerudi kutoka kikao cha wajumbe na habari nzuri, ingawa yeye hajui kwamba ni nzuri. Kabla ya kupiga kura, wajumbe wote wa eneo letu watapanda basi na kuzunguka mtaa kwa mtaa, waione kila shida kwa macho yao. Kwetu watafika Jumapili ya tarehe 26, asubuhi. Kwanza Lomba, kisha Baixada.

Hii ni bora kuliko wajumbe mia! Mtu akisikia neno matope hafanyi kitu. Akizama kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, anapiga kura.

Neiva ameleta na maneno ya Injinia Cíntia. Eti ukitia lami juu kabla ya kuchimba mtaro, ardhi haitakunywa mvua tena, na maji yote yatashuka mbio mpaka vitandani mwa watu wa Baixada. Eti mambo ya juu na ya chini yapangwe pamoja, na wenyewe wa juu na wa chini wakae meza moja. Nikamwambia Neiva yule dada bado mchanga, hayajui maji ya huku. Neiva akasema maji yanashuka tu, hayahitaji kujuliwa.

Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 25 Mei

Nimesalitiwa na usafi!

Nimetoka asubuhi nikakuta mtaa mzima uko nje na mifagio. Wamesikia wageni wanakuja. Wanafagia! Wamezoa takataka, wameng'oa magugu, wamepaka chokaa mawe ya kandokando. Nyumba ya tatu wameoka cuca, keki ya zabibu, harufu ya siagi na sukari imejaa mtaa. Nikawasimamisha. Nikawaeleza kwa upole, halafu kwa sauti, kwamba tunatafuta kuonewa huruma, hatutafuti pongezi. Wakanitazama kwa wasiwasi.

"Wageni waje watukute na uchafu?" mke wa Valdecir akaniuliza, chokaa imemganda puani. "Wewe umezaliwa au umeokotwa?"

Valdecir mwenyewe alikuwa anaziba mashimo kwa changarawe. Mashimo yangu! Yale makubwa ya mbele ya baa, niliyoyategemea! Nikajaribu kufukua moja kwa kisigino. Wakaniona. Nikajifanya nacheza ngoma. Valdecir akapiga makofi.

Basi. Nitafanya peke yangu. Baa ina bomba la maji na mpira mrefu. Kesho alfajiri nitaulowesha mteremko mzima, kuanzia juu. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni balaa, kiatu kikiingia hakitoki bila mazungumzo. Wajumbe watazama mpaka vifundoni. Mpira nimeuficha chini ya benchi, na Neiva amenikuta nikiuficha. Nikamwambia naulinda na baridi.

Kichwa hiki wangekipiga picha wakakiweka manispaa.

Jumapili, 26 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianze na hali ya hewa. Jua, anga jeupe, hakuna hata wingu. Mvua haijanyesha wiki nzima. Hili lina maana yake, linakuja.

Kulipoanza kupambazuka nilifungua bomba. Baridi ya kukata masikio. Nikaweka mpira juu kabisa ya mteremko, maji yakaanza kazi, nikaingia jikoni nipashe vidole na kunywa chimarrão kidogo. Nia yangu ilikuwa kufunga baada ya kitambo. Jiko la kuni lilikuwa na joto zuri. Nikakaa. Nikaegemea.

Nikaamshwa na honi ya basi.

Nikatoka mbio kutazama matope yangu. Hayapo! Hakuna tope hata la kupaka ukucha! Mteremko unang'aa. Maji yamechukua kila kitu kilicholegea, vumbi, majani, udongo wa juu, changarawe za Valdecir, vipande vya sigara vya mbele ya baa, vyote vimekwenda. Kumbe chini ya udongo ule kuna mwamba mtupu, na mwamba ulikuwa umeoshwa ukawa safi kama sahani. Matope yanahitaji mahali pa kukaa, na mteremko haukalishi kitu. Mtu angeniambia mapema.

Wajumbe walikuwa wameshaanza kupanda. Nikausukuma mpira haraka nyuma ya baa, usionekane, nikaja kuwalaki nikiwa nimevaa tabasamu. Wakapanda wanahema na kusifu. Mzee mmoja wa mtaa wa mbali alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia laiti kwao kungekuwa hivi angekufa kwa amani. Wakala cuca. Wakamuuliza Neiva shida yetu hasa ni ipi. Neiva akatazama juu, akatazama chini, akasema kwa leo kwa kweli haioni.

Mke wangu! Tena mbele za watu!

Kisha wakashuka kwenda Baixada. Nikawafuata.

Maji. Kijia cha nyuma ya baa yangu kinateremka moja kwa moja mpaka huko, na sijawahi kukifikiria. Maji mekundu yalikuwa yameshajaa uchochoro wa Baixada, yameingia nyumba za mwanzo, na juu jua linawaka. Injinia Cíntia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaona vilevile. Akasema bila shaka kuna bomba limepasuka mahali huko juu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kama maji ya bomba moja yanaweza kuingia vyumbani mwa watu, basi yeye hataki kufikiria mvua za Agosti.

Dona Otacília alikuwa ndani, sketi ameikunja, anapandisha cherehani juu ya meza. Peke yake. Hakupiga kelele, hakumwita mtu. Aliinyanyua kwa haraka, kwa mikono inayojua uzito wake. Kisha akachukua gauni la mteja, la waridi, lenye marinda matatu, akalitundika kwenye msumari ulio juu kabisa karibu na dari. Nikautazama ule msumari. Mtu aliupigilia pale kwa kazi hiyo tu.

Niliona haya. Nasema kweli, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaingia majini na viatu vyangu vya Jumapili, nikashika godoro upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukalipandisha juu ya kabati. Akanitazama. Akavitazama viatu vyangu. Halafu akatazama nje, kule kijiani, ambako kijito chembamba bado kilikuwa kinashuka, kinametameta juani.

Mungu wangu. Bomba bado lilikuwa wazi.

Nilipanda mbio ambazo goti langu halitanisamehe.

Jumatatu, 27 Mei

Dona Otacília amekuja leo kabla sijafungua baa. Hakuketi. Alizunguka nyuma, akautazama mpira, akakitazama kijia kilicholowa, akarudi akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri sana kuhusu panya na bomba. Hakuyangoja.

Akaniambia ameomba mtaro huu mpaka sauti imemkauka. Amewapelekea wajumbe picha, amelia mbele yao, wakamwambia avumilie. Jana wameamini. Tena wameamini bila mvua.

"Sasa wewe funga mdomo wako, Adroaldo," akasema. "Mimi nitakushukuru mbele za watu. Nitakushukuru mpaka ukome."

Nimeguswa sana! Mwanamke mwenye shukrani kiasi hiki, na mimi nilikuwa nikimwita adui. Nimemsimulia Neiva. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema hiyo si shukrani hata kidogo, nimevikwa kilemba cha ukoka, na nitakivaa mpaka kinyauke. Neiva hawezi kustahimili mumewe akisifiwa.

Lakini leo nimekiangalia tena kile kijia cha nyuma. Kinashuka wima. Nimesimama pale kitambo nikifikiria lile godoro, jinsi lilivyokuwa zito. Kisha wateja wakaja.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kura! Nyama ilipigwa marufuku mita mia kutoka ukumbini, kwa azimio la wote, na Valdecir naye aliinua mkono. Nilijisikia nimeheshimiwa.

Mtaro umeshinda. Kwa kishindo. Utaanzia juu kabisa, mbele ya baa yangu, ushuke kando ya Lomba mpaka Baixada na kutokea kwenye kijito cha bondeni. Lami haipo. Injinia Cíntia alieleza kwamba mtaro ukishakuwepo, siku moja Lomba itatandikwa mawe yenye nafasi katikati ili ardhi iendelee kunywa, na miti kandokando. Watu wa juu na wa chini wakainamia ramani moja, wakabishana mti upi unatoa kivuli bila kung'oa mabomba, kila mtu na mti wake. Kura ya Lomba da Gata, ile moja, ilikwenda kwa mtaro. Neiva aliinua mkono bila hata kunitazama. Nilitaka kukasirika.

Sikupata nafasi. Dona Otacília alisimama. Akasema katika ukumbi huu kuna mtu mmoja ambaye mtaa wake ulitaka lami kuliko kitu chochote duniani, lakini siku ya msafara, wote walipokuwa wamesimama pakavu, yeye peke yake aliingia majini na viatu vya Jumapili. Akasema Baixada haitamsahau Adroaldo. Akasema yale maji yaliyowafumbua wajumbe macho, yeye anaamini yalitumwa. Hapo akanitazama. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Yule mzee wa mtaa wa mbali alikuwa analia waziwazi.

Nilitokwa na machozi na mimi. Sikuwahi kupigiwa makofi hata siku ya ndoa yangu.

Bado makofi hayajaisha, akapendekeza niingie kamati ya wakazi itakayosimamia kazi ya mtaro. Kamati hiyo hukagua kila siku, juu mpaka chini, chini mpaka juu, mpaka mkandarasi aondoke. Wakanipitisha kwa sauti moja. Nikafikiria goti langu. Nikawapungia mkono.

Jumamosi, 20 Julai

Maisha ni matamu. Niandike hilo kwanza.

Jana ilikuwa Ijumaa, siku mpya ya lori la bia. Tangu ule mkutano watu wa Baixada wanajipanga kila Ijumaa kuanzia kituo cha basi mpaka mlangoni kwangu, wanapokezana makreti mkono kwa mkono, wanaimba. Dona Otacília ndiye aliyewapanga. Mimi naketi juu na kibuyu changu, napokea la mwisho. Wakimaliza wanaingia baa kupumzika, wanakunywa sehemu kubwa ya walichopandisha, na jioni nzima nyumba inajaa kicheko. Neiva anakaa mezani nao na ile ramani. Mvua ilinyesha Jumanne, Baixada maji yakaingia kidogo, nikashuka nikasaidia kunyanyua cherehani. Sasa naujua na mimi uzito wake. Mtaro unaanza kuchimbwa Januari. Nimewaambia wasiwe na shaka, mimi nipo kamatini.

Lakini nimekuwa nikifikiri.

Nilijidharau sana. Niliona kama mpango wangu wa maji umeshindwa, kumbe ulishinda, ila ulishinda kwa mtaa mwingine! Hesabu ilikuwa sahihi, anwani ndiyo iliyokosewa. Wajumbe hawataki hotuba. Wanataka kuona kitu kimeharibika. Na mtu mwenye kipawa cha namna hii hawezi kukaa bure kwa sababu ya makofi.

Mwakani wajumbe watajadili chekechea. Ya kwetu iko juu hapa, ukuta kwa ukuta na baa. Paa lake linavuja kidogo tu, kwa aibu, upande wa stoo. Likivuja vizuri, litahitaji kujengwa upya. Likijengwa upya, lori la vigae lazima lifike juu. Na lori la vigae litapandaje Lomba da Gata bila lami? Hakuna injinia duniani wa kunijibu hilo! Watoto wako likizo. Ni vigae viwili vitatu tu vya kuvunja.

Nimekwenda kuazima ngazi kwa Dona Otacília. Nikamwambia nataka kulitazama paa la chekechea, kama mwanakamati. Akanitazama muda mrefu, sindano mdomoni. Akasema ngazi nichukue, na kwamba kesho atapanda mwenyewe aje anishikie chini nisianguke. Tena akasema atampigia simu Injinia Cíntia na wajumbe wote wa eneo, waje wasimame hapo wanitazame nikifanya kazi.

Moyo wa shukrani ulioje! Vigae nimeshavichagua.